Nguruwe Niliowaleta Saloni

Niliwaachisha ziwa watoto wa nguruwe wa mama yangu kwa sababu nyumba ilikuwa kimya sana. Ninaandika hilo hapa mwanzoni, wazi, ili musihangaike kutafuta sababu ya maana kule mbele. Haiko. Watu wengine wanaachisha ziwa kwa sababu watoto wamekomaa. Wengine, kwa sababu nguruwe mama amekonda mpaka mbavu zinaonekana. Miye niliwabeba mmoja mmoja chini ya kwapa, nikawapitisha mulango wa nyuma, nikawashusha saloni chini ya picha ya Bikira Maria, nikafunga mulango, kiisha nikawaambia: "Karibuni. Mukae, hapa ni kwenu."

Walikaa kweli. Mmoja alikojolea muguu wa kiti cha wageni hata sijamaliza hotuba.

Ilikuwa vakansi kubwa, shule zimefungwa. Yaya yangu, dada mukubwa aliyeolewa Beni, alikuwa amezaa mutoto wake wa kwanza. Kwetu musichana akizaa, mama yake anakwenda kukaa naye, kumupikia uji, kumukanda na maji ya moto, kumuonyesha namna ya kumushika mutoto shingo isilegee. Mama alifunga vitenge vyake katika mufuko, akaongeza mukungu wa ndizi na kuku muzima aliyefungwa miguu, akatoka kungoja gari. Miye nikamufuata mpaka njiani na kamufuko kangu mugongoni, nikijifanya mutu ambaye safari yake inajulikana.

"Weye unaenda wapi?" akauliza.

"Beni. Kumuona mutoto."

"Na nguruwe? Nguruwe hawezi kubaki peke yake."

Hakuna mutu aliyeuliza kama miye ninaweza.

Baba alikufa nikiwa mudogo, na sitamuingiza sana katika mambo haya, maana yeye hakuachisha nguruwe yeyote ziwa. Kaka zangu walikuwa na duka la viatu Kanyabayonga. Vita ilipofika kule walivuka mupaka, na sasa tunawaona katika simu tu, nyuso zao zikikatika-katika. Miye ni wa mwisho. Wa mwisho katika nyumba ni yule anayebaki na funguo.

Kwa hiyo nikabaki na funguo, pale Kimemi, mutaa wa Butembo, ambako watu wamejaa njia nzima toka asubuhi, wanauza, wanagombana, wanasukuma chukudu, yale magari ya mbao ya mizigo, na hakuna hata mmoja anayekuja kwako. Nilipika fufu, ugali wetu wa muhogo, ya watu wawili kwa sababu mukono wangu haukujua kupika ya mmoja. Asubuhi nilikula ile ya mama ikiwa imepoa. Mutangazaji wa redio akisema "ndugu musikilizaji, habari yako", nilianza kuitika. Tena niliitika vizuri, kwa heshima, nikamueleza habari yangu, mais yule alipita tu kwenye matangazo ya vifo.

Darasani miye ndiye muchekeshaji. Mwalimu wetu wa fizikia amesema mara nyingi kwamba siku moja atanifunga kwenye muti wa bendera. Lakini muchekeshaji asiye na mutu wa kumuchekesha ni mutu anayeongea peke yake tu, na mutaa ukimuona unamuhurumia. Wenzangu wote walikuwa wamekwenda kusaidia wazazi, mashambani ama sokoni. Basi nikaanza kuwachekesha nguruwe.

Walikaa nyuma ya nyumba katika kibanda cha mbao: nguruwe mama, mukubwa kama kabati, na watoto wake saba. Niliwapa majina. Kwetu jina la mutoto halitafutwi sana, linamungoja: mvulana wa kwanza ana lake, wa pili ana lake, wasichana nao vilevile, mpaka wa mwisho. Ndiyo maana ukiita jina la wa pili katikati ya soko, nusu ya soko inageuka. Miye nikawapa watoto wa nguruwe majina hayohayo. Shida ilikuwa kujua nani alitangulia kuzaliwa, kwa sababu nguruwe anazaa namna mutu anavyomwaga gunia la viazi. Nikaangalia matiti. Mutoto wa nguruwe anachagua titi lake siku za kwanza na haliachi tena. Wenye nguvu wanachukua ya mbele, yenye maziwa mengi. Munyonge anasukumwa, anasukumwa, mpaka anafika kule nyuma kabisa, karibu na muguu. Nikasema: sawa, huo ndio ukubwa. Wa titi la mbele ni kifungua mimba. Wa titi la nyuma ni wa mwisho, mwenzangu.

Siku moja nilimwita wa pili kwa sauti kubwa: "Weye! Toka ndani ya mavi hayo!"

Ng'ambo ya lupango, ule ua wa mbao, sauti nzito ikajibu: "Nani iko mu mavi?"

Alikuwa mwana wa mukaka jirani yetu. Mukaka ni nyanya, bibi muzee, na huyu ni nyanya wa mutaa muzima, mwenye mudomo kuliko redio. Mwana wake ana ndevu na ni wa pili kuzaliwa. Alinitukana vizuri sana, na mama yake akamusaidia. Miye nilisimama pale nikitabasamu. Walikuwa watu wa kwanza kuniongelesha tangu asubuhi.

Yule wa mwisho, wa titi la nyuma, alikuwa jike pekee kati ya saba. Na hapo ndipo mambo yanakuwa mazito, donc nitaacha mizaha kidogo. Nyumbani kwetu, mutoto akizaliwa, nyanya yake anamupa nyama, yaani munyama wa kufuga, wa kuanza naye maisha. Miye nilipewa kuku. Yaya alipewa mbuzi. Huyu mutoto wa Beni, mujukuu wa kwanza, mama alikuwa amemuahidi nguruwe jike, akikua azae, na watoto wake wazae, hata siku yaya hana kitu mutoto awe na kibanda chake nyuma ya nyumba. Mama alisema hivyo mbele ya ukoo wa bwana wa yaya, na mama si mutu wa kusema kitu mbele ya watu kiisha akirudishe mudomoni. Kabla ya kuondoka aliinama kwenye kibanda, akakagusa kale kajike mugongo, akaniambia: "Haka njo ka mutoto. Wale wengine wakikohoa, unipigie simu. Haka kakikohoa, unipigie mbele hakajamaliza."

Kiisha akanionyesha sashe, kapakiti kadogo, juu ya kabati. Ilikuwa unga wa vitamini, na picha ya nguruwe mnene aliyekuwa anacheka, meno yote inje. "Hii ni ya kuchanganya mu pumba, wakati watakaribia kutoka ku ziwa. Bado. Nikirudi, miye njo nitaifungua. Weye, hapana kugusa."

Nilikaa bila kugusa mpaka siku ile ya mvua.

Mvua ya Butembo unaijua: inaanza saa za chakula, inaendelea mpaka umesahau kwamba kuna jua. Nilikwenda kuwapelekea nguruwe majani ya viazi. Nikasimama mulangoni mwa kibanda, maji yakinishuka shingoni. Nguruwe mama alikuwa amelala ubavu. Watoto wote saba walikuwa kwenye safu, kila mmoja kwenye titi lake, macho yamefungwa, na mama yao alikuwa anawaimbia ile sauti ya chini wanayoitoa wakati maziwa yanashuka, hm, hm, hm. Hakuna hata mmoja aliyegeuka kuniangalia. Niliita majina. Nikaita ya wote. Nikasimulia ile hadithi ya padri na mbuzi, ambayo darasa zima linalala chini kwa kucheka. Wakaendelea kunyonya.

Niliwaonea wivu. Nimekwisha kuliandika, haya. Niliwaonea wivu nguruwe.

Nikarudi ndani, nikashusha sashe, nikaisoma. Kifaransa changu ni kizuri, mwalimu mwenyewe anasema hivyo, ingawa anasema mbele kidogo ya kunifukuza. Iliandikwa vitamini A, D, E na madini, kwa ajili ya ulinzi wa mwili wa mutoto wa nguruwe wakati wa kuachishwa ziwa. Miye nikafikiri kama mwanasheria. Kama vitamini zote ziko ndani ya sashe, na ulinzi uko ndani ya sashe, sasa maziwa ni ya nini? Maziwa ni ya wale ambao hawana sashe. Kwetu watu wanangoja miezi miwili ndipo wanatenganisha. Wale wangu walikuwa hawajafika hata nusu. Mais nani alisoma sashe, ni watu wa kwetu ama ni miye?

Ndipo nikawabeba chini ya kwapa.

Saa za kwanza zilikuwa nzuri kuliko Noeli. Nyumba ilijaa miguu. Walikimbia chini ya meza, walivuta pazia, walilala kwenye muguu wangu wakiwa rundo moja la moto. Niliwafundisha upatanisho wa kitenzi cha Kifaransa, na walisikiliza kuliko darasa letu. Nje nguruwe mama alikuwa analia. Nilifungua redio kwa sauti.

Chakula niliwapa kwa heshima zote. Nilimwaga unga wa sashe katika beseni la maji, nikakoroga, nikawaita kufuata ukubwa, namna tunavyokula sisi. Kwetu mukubwa anatangulia kunyosha mukono katika sahani, mudogo anafuata, na kumupita mukubwa wako ni aibu ambayo itasimuliwa siku ya mazishi yako. Kifungua mimba akanywa. Wa pili akanywa. Nikawazuia wengine kwa muguu mpaka zamu yao. Wa mwisho alifika beseni likiwa karibu tupu, na chini kulikuwa kumebaki matope mazito ya rangi ya matofali. Akalamba yote. Nikamusifu. Nilifanya vile kila mara walipokula, na kila mara yule mudogo alimaliza yale matope kama mutoto mwenye adabu.

Mama alipiga simu jioni. Mama hapotezi unite za simu.

"Nguruwe bamekula?"

"Bamekula sana."

"Na kale ka mutoto?"

"Kako muzima. Kako mu saloni kanasoma gazeti."

"Acha bujinga. Na weye, umekula?"

Nyuma yake nilisikia kitoto kikilia, kiisha kikanyamaza mara moja, namna kinavyonyamaza kikipewa ziwa, na yaya akacheka, na mutu mwingine akacheka, ilikuwa nyumba yenye watu. Nikataka kusema kitu. Nikasema: "Nimekula. Usiku mwema, mama." Simu ikakatika, sijui ni unite ama ni yeye.

Walianza kuharisha asubuhi iliyofuata. Kwanza wawili, kesho yake wote. Kuharisha kwa nguruwe hakuna utani unaotosha, nimejaribu. Kulikuwa chini ya kabati, kwenye pazia, kwenye daftari yangu ya fizikia, ambayo, niseme ukweli, haikupoteza kitu. Wakubwa walikuwa bado wanatembea. Yule mudogo alikaa pembeni, manyoya yamesimama, mukia umelegea, macho yamezama ndani, na nikimwita jina hakuinua masikio.

Mukaka jirani akachungulia dirishani, kitenge kwenye pua.

"Mutoto! Kuna maiti humo?"

"Hapana, mukaka. Ni nguruwe."

"Nguruwe mu saloni? Mama yako atarudi, atakukuta umeoa moja."

"Mukaka, naomba unisaidie."

Kitenge kikashuka kutoka puani. Nadhani hajawahi kusikia nikisema neno hilo bila kuongeza kichekesho nyuma yake. Akasema: "Enda kwa ule mwanamuke wa bureau ya mifugo. Kimbia. Na dirisha uache wazi, tunakufa huku."

Nilimuweka yule mudogo ndani ya koti langu, nikakimbia.

Munganga wa nyama wa bureau ile ni mwanamuke aliyetumwa na serikali kutoka Mbandaka. Swahili yake ina Lingala nyingi, na sisi vijana tunamuiga njiani, miye wa kwanza. Nilimukuta peke yake mezani na kalenda na friji isiyo na umeme. Alifungua koti langu, akakaangalia kale kanguruwe kinywani, akakavuta ngozi ya shingo kidogo. Ngozi haikurudi.

"Nzambe! Haka kalitoka ku ziwa lini?"

"Majuzi, tantine." Tantine ni shangazi, kwa heshima.

"Nani alikatoa?"

"Kalitoka kenyewe. Kalisema kamekuwa kakubwa, kanataka kuvuta sigara."

Hakucheka. Aliniangalia tu, na ile kimya ya nyumbani ikanifuata mpaka pale ofisini. Nikamutolea sashe mufukoni na kumusimulia yote: saloni, beseni, zamu ya ukubwa. Alisoma sashe, akaigeuza, akaiweka chini polepole.

"Mwana, nani alikuambia vitamini iko maziwa?"

"Imeandikwa ulinzi wa mwili."

"Ecoute, sikia. Mutoto ya nguruwe anazaliwa bila basoda mu mwili, baaskari ba kufukuza mugonjwa. Hata mmoja. Mama yake njo anamupa basoda yake, ndani ya maziwa. Sawa? Basoda ya mama banachoka, pole pole banaisha. Na basoda ya mutoto mwenyewe bado beko mu formation, banajifunza. Pale katikati, kambi iko wazi. Kila mugonjwa unaweza ingia. Weye, siku ile kambi iko wazi, njo ulifunga maziwa."

Kwetu hakuna mutu anayehitaji kuelezwa kambi iliyo wazi ni nini.

"Na vitamini, tantine?"

"Vitamini ni chakula ya basoda. Ni ya lazima, siseme hapana. Bila vitamini, soda ni mifupa tu. Mais ukipika chakula muzuri, na basoda haiko, nani atakula?" Alipiga sashe na kidole. "Tena hii haiko ya maji. Ni ya kuchanganya mu pumba, kidogo sana, wakati bangali bananyonya, ili tumbo izoee. Mu maji inashuka chini kama muchanga. Wa kwanza walikunywa maji. Huyu wa mwisho, alikula mawe yote."

Nilimuangalia yule mudogo. Nilikuwa nimemusifu.

Munganga akamupiga sindano, akanifundisha maji ya chumvi na sukari, kijiko kwa kijiko. Akasema wale wengine niwarudishe kwa mama yao sasa hivi, mbele maziwa hayajakauka. Nilipokuwa ninafunga koti, akauliza: "Ku nyumba, uko na nani?"

"Na nguruwe."

"Hm." Alifunga droo. "Miye niko na panya. Batoto yangu beko Mbandaka." Akatazama kalenda kidogo, kiisha akanifukuza na mukono. "Enda, enda, kanapata baridi."

Sijamuiga tena njiani. Vizuri, nilimuiga mara moja, mais kidogo.

Nguruwe mama aliwapokea. Nilidhani atanikata muguu, nami ningempa haki, lakini alilala ubavu mara moja, akaanza ile sauti yake. Wale sita wakakimbilia kila mmoja kwenye titi lake kama watu wanaorudi kwenye viti vyao kanisani. Nilimuweka wa mwisho kule nyuma, kwenye titi lake. Akalishika. Akavuta. Akaliacha, akavuta tena. Nikalibonyeza na vidole vyangu. Lilikuwa limekauka. Titi likikaa bila kunyonywa linajifunga upesi, na yale ya nyuma ndiyo yanatangulia, hilo nililijua pale kwa vidole. Nikamusogeza kwenye titi la ndugu yake wa mbele. Yule mukubwa akamusukuma na pua, bila chuki, namna ya mutu ambaye mahali pake panajulikana.

Nikamukamua nguruwe mama kidogo katika kikombe, matiti ya mbele, nikipigwa mateke. Nikakaa na yule mudogo jikoni karibu na makaa. Kijiko cha maziwa, kijiko cha maji ya chumvi. Nilimufunga katika kitenge cha zamani cha mama. Sikuweza kumuambia hadithi yoyote. Nilijaribu ile ya padri na mbuzi, nikasahau mwisho wake. Nilimwita jina lake, lile la wa mwisho, ambalo kaka zangu wakitaka kunichokoza ndilo wanaloniitia. Mara moja sikio likajongea.

Simu ya mama ilipolia niliiangalia mpaka ikanyamaza. Ikalia tena. Nikajibu.

"Nguruwe bamekula?"

"Mama, kale ka mutoto kamekohoa."

Hakukohoa hata kidogo, unajua. Sikuwa na neno lingine.

"Ninakuja kesho," akasema.

Kalikufa asubuhi, wakati nilikuwa ninapuliza moto. Niligeuka kuchukua kijiko, nikarudi, kalikuwa kameshakufa. Hakakulia. Kalikuwa kepesi kuliko siku niliyokabeba chini ya kwapa, tena kangali na joto upande uliokuwa kwenye makaa.

Nilichimba shimo nyuma ya migomba, refu, kwa sababu munganga alisema nyama aliyekufa na kuharisha haliwi, azikwe na majivu juu. Mukaka jirani alikuja kwenye lupango akanikuta.

"Unazika nyama? Weye? Mutoto wa Butembo anazika nyama!"

"Ni mugonjwa, mukaka."

"Haya, zika." Hakuondoka. Alisimama pale mpaka nikamaliza kufukia, kitenge kwenye mabega, bila kusema kitu, na kwa mukaka yule hiyo ni kazi ngumu. Kiisha akanipitishia viazi vitamu viwili vya moto katikati ya mbao.

Mama alifika kabla ya adhuhuri. Alikuwa ananuka mutoto: poda, maziwa, sabuni ya kule. Hakuingia nyumbani. Alikwenda moja kwa moja mpaka kibandani na mufuko wake kichwani, akainama, akawaangalia wale sita wanaonyonya. Niliona macho yake yakifika kwenye titi la mwisho na kubaki pale.

"Ka mutoto kako wapi?"

Nilikuwa na jibu la kuchekesha. Nilikuwa nimelitengeneza tangu asubuhi, juu ya nguruwe aliyetangulia mbinguni kutafuta nafasi. Nilifungua kinywa na halikutoka. Nikamuonyesha migomba.

Alitua mufuko chini. Akaingia ndani, akapita saloni, nami nyuma yake. Nilikuwa nimesugua sana, mais saloni ilikuwa bado inasema yote. Akaona pazia. Akaona beseni. Akachukua sashe, akatazama ndani: tupu. Akakaa kwenye kiti cha wageni, kile chenye muguu ule.

"Uliwatoa ku ziwa?"

"Ndiyo, mama."

"Kwa nini?"

Nilimuambia. Nilimuambia kwamba nilikuwa ninaitika redio. Kwamba fufu ilikuwa inabaki. Kwamba walikuwa wamelala kwenye safu, kila mmoja na mahali pake, na hawakugeuka. Nilisema yote hayo nikiangalia sakafu, na sikuweka kichekesho hata kimoja ndani yake, na ilikuwa fupi sana kuliko nilivyofikiri.

Mama alikunja ile sashe mara mbili, akaifunga katika pindo la kitenge chake, sijui kwa nini. Nje mukaka alikuwa anamuita mwana wake, yule wa pili, na mwana alikuwa anaitika. Nilingoja kupigwa. Nilikuwa hata nimechagua upande wa uso. Kiisha mama akasema hivi, ninaandika maneno yake kama alivyoyasema:

"Bon. Nyama ya mutoto haiko tena. Donc weye njo utaenda mu nafasi yake. Kesho, na gari ya kwanza. Yaya yako akilala, utabeba mutoto, na bile bichekesho byako utabibeba pia, kule njo kuko batu ba kubisikiliza. Nguruwe, miye nitabaki nabo. Enda uoge sasa, unanuka mubaya."